Kufuata Maji ya Mifereji: Same, Moshi, Uru mpaka Engaruka

Kwenye simu nina picha mia tatu na kitu na nusu yake ni maji ya matope, wife ameshaniuliza kama nilienda kutalii au kukagua mitaro. Basi nimekaa nazo wiki hii pamoja na kidaftari changu nikapanga hii simulizi. Kifupi ni kwamba mwishoni mwa Agosti nilikuwa na likizo, nikataka kwenda kuona mifereji ya asili ya kule kaskazini, ile iliyochimbwa na wazee kwa mikono kabla ya injinia na saruji, nijue ipi bado inapitisha maji, ipi imekufa na nani anaamua maji yaende kwa nani. Nikachagua Agosti makusudi. Masika kila mahali kuna maji na hakuna anayegombana na mtu, kiangazi ndo mfereji unaonekana kazi yake.

Jumatano: Dar – Same

Basi la saa 12 asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Chalinze, Segera, Korogwe, hakuna la kusimulia, nililala. Nilipoamka tumepita Mombo na gari limeegeshwa pembeni, konda anazunguka huku kashika mkanda wa injini umekatika vipande viwili. Fundi akaagizwa Korogwe. Tulikaa chini ya miti zaidi ya saa tatu, jua kali, wenye watoto wakahangaika kweli kweli, mpaka akina mama wa pale kijijini wakaleta ndoo ya maji ya kunywa na vikombe, bure, na yule mkubwa wao akagoma hela kabisa. "Maji nayo mnalipia huko kwenu?" Nikamwambia ndio mama, tunalipia. Akacheka.

Hapo ndo nikapiga stori na mama mmoja wa Kipare aliyekuwa anarudi Same. Nikamwambia naenda kuangalia mifereji. Jamaa wa nyuma akadakia, mifereji gani, kama ya Suez? Basi ikawa mjadala, maana kila mtu anaijua Suez, imefunguliwa 1869 na mwaka 2021 meli moja ikakwama pale karibu wiki nzima bei za vitu zikatikisika dunia nzima. Mama akasema sisi mfereji wetu ukiziba hakuna redio inayotangaza, anayejua ni mwenye nyanya peke yake. Nikaiandika hiyo palepale.

Tumeingia Same usiku. Yule mama hakuniacha stendi, alinipeleka mpaka gesti anayoijua, elfu 15, safi, maji ya moto kwenye ndoo, akamwambia dada wa mapokezi "huyu mgeni wangu msimchaji cha mzungu". Mungu ambariki alipo.

Kwa atakayepita: ukitoka Dar unaenda Same usikubali kukatiwa tiketi ya mpaka Arusha kwa nauli kamili bila kubargain kwanza. Na beba maji na chochote cha kutafuna, kwa hiyo barabara huwezi jua.

Alhamisi: Bangalala, kwenye ndiva

Boda tulipatana elfu 20, kunipeleka, kunisubiri na kunirudisha. Dogo mstaarabu, anaendesha taratibu. Vumbi lake lakini, ukifika nyusi ni nyekundu. Upande huu wa milima ya Pare ndo wa ukame, mvua inaishia kule juu Vudee na huku chini unaona mikonge na vichaka vya miba tu, alafu ghafla unakuta kipande cha kijani, mahindi, maharage, nyanya. Ukiona hivyo jua kuna ndiva karibu.

Ndiva ni kibwawa. Mfereji unatoka mtoni huko juu unaleta maji kidogo kidogo, yanaingia kwenye ndiva usiku kucha watu wakiwa wamelala, asubuhi inafunguliwa. Nilianza kuripoti ofisi ya kijiji (fanya hivyo, usijifanye mjanja na kamera), wakanipa mzee mmoja wa kwenye kamati anipeleke Manoo, ndiva kubwa ya pale Bangalala inayopokea maji ya mto Vudee. Zamani kuta zake zilikuwa udongo na mawe, siku hizi imejengewa saruji.

Nikamuuliza yule mzee, shikamoo babu, kwa nini msiache maji yatiririke tu moja kwa moja shambani, kuna haja gani ya kuyafungia? Akaniangalia kama mtoto wa mjini nilivyo. Akachukua kopo, akamwaga maji kidogo kwenye vumbi pembeni ya mfereji. Yakanywewa hapohapo, hayakwenda hata hatua moja. Akarudi na kopo limejaa, akamwaga yote kwa mkupuo, yakakimbia mpaka kwenye kiatu changu. "Umeona?" Nimeona babu. Maji kidogo kwenye mfereji wa udongo yanaishia njiani, ardhi inayanywa yote kabla hayajamfikia mwenye shamba. Ukiyakusanya usiku ukayaachia kwa pamoja yanakuwa na nguvu, yanafika mbali, na pia zile saa za usiku ambazo hakuna anayemwagilia hazipotei bure. Watu walilifahamu hili bila darasa la haidrolojia.

Nilibahatika kuona wanafungua. Kwanza sauti, kama mtu anakoroma, alafu ulimi wa maji ya kahawia unaingia mfereji mkavu ukisukuma mbele yake majani, vijiti, povu, wadudu wanakimbia kingo zote mbili, na nyuma yake wanatembea mama wawili na kijana mmoja na majembe begani, mwendo uleule wa maji, hawaongei. Wakifika kwenye mchepuko wao kijana anaziba mfereji mkuu kwa majani ya mgomba na tope, jembe tatu nne, maji yanageuka yanaingia shambani. Kazi ya dakika mbili. Zamu yao ikiisha wanabomoa, anayefuata kashasimama pale anaangalia saa kwenye simu.

Zamani hiyo saa ilikuwa ni kivuli na jogoo. Wivu ni uleule, mzee kasema mwenyewe.

Na wale wa juu Vudee? Mzee anasema makubaliano ya tangu zamani ni wa juu wachukue mchana, usiku waachie maji yashuke. Nikamuuliza wanaachia kweli? Akajibu "wengi wanaachia". Asiyeachia anafuatwa kwa kikao, kwanza cha wazee, alafu kamati. Kazi ya kuzibua mfereji ni msaragambo, kila mwenye zamu anatoka na jembe, usipotoka unalipa faini, usipolipa maji yanakupita huku unayaona.

Mchana nikapewa makande kwa mke wa mzee, makande ya Kipare yenyewe, yamepikwa tangu alfajiri, na chai ya tangawizi kali mpaka masikio yanafunguka. Nilitaka kuacha elfu tano, nikaambiwa mgeni halipii chakula, basi nikamnunulia sukari dukani. Hiyo walipokea.

Ijumaa: Moshi, mashamba ya mpunga

Same hadi Moshi ni kama saa mbili kwa Coaster, nikashukia stendi, nikaacha begi gesti (elfu 25, pamoja na chai na chapati moja ya kusikitisha), nikapanda daladala ya Chekereni. Sasa hapa ni habari nyingine. Skimu ya Lower Moshi ni mfereji wa kisasa, imejengwa kwa mkopo na utaalamu wa Wajapani ikakamilika 1987, mabanio ya zege (pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni), mageti ya chuma, mfereji mkuu umenyooka mpaka macho yanauma, majaruba yamepangwa ya mita 30 kwa 100 kila moja. Palepale Chekereni kuna chuo cha kufundisha wakulima kilimo cha mpunga. Kwa macho ya mtu wa Dar ni pazuri sana, mpunga kijani, yangeyange weupe wanatembea, Mlima Kilimanjaro huo kwa nyuma umevua mawingu kwa robo saa hivi.

Lakini jaruba nyingi nilizopita zilikuwa zimelala tu, kavu, hazijalimwa. Nikamkuta baba mmoja amekaa kwenye kingo ya mfereji wa pili anatengeneza mpini, nikamsalimia tukaongea. Anasema walipoanza maji yalikuwa yanatosha, mavuno yalikuwa ya ajabu, gunia kwa jaruba ilipanda mara mbili tatu ya walizozizoea. Ubaya ni kwamba waliona na wengine. Walioko juu kwenye mito hiyohiyo, ambao hawakuwa ndani ya skimu, nao wakafungua majaruba yao, wakachepusha maji kabla hayajafika kwenye banio la zege. Na huwezi kuwalaumu, mto unapita mbele ya mlango wako, jirani anatajirika nao, wewe ukae na mahindi yanayokauka? Kwa hiyo skimu iliyopigiwa mahesabu kwa mto mzima ikabaki na masalia. Siku hizi wanapeana zamu kwa vitalu, msimu huu nyie, ujao wale.

Mimi si mtaalamu ila nilivyoona, zege la pale ni zuri na bado liko imara kwa umri wake. Kilichopungua ni kile kikao cha Bangalala, cha wa juu na wa chini kukaa benchi moja. Walioshirikishwa mwanzoni ni walioko ndani ya mstari wa ramani, na maji yanaanzia nje ya ramani.

Na ukishuka zaidi kuna wengine wanaosubiri, maji haya yote ni ya bonde la mto Pangani, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 60, wavuvi wako pale, umeme uko pale, na chini kabisa kuna Hale na Pangani wanazalisha umeme nao. Ndo maana bodi ya maji ya bonde ina ofisi Moshi na mfereji wowote unaoutumia kihalali unatakiwa uwe na kibali. Uliza wazee wa mlimani wanavyoipenda hiyo habari ya kibali kwa mfereji aliochimba babu wa babu yake.

Jioni mtori na nyama mjini. Sina la kuongeza, nendeni mkale.

Jumamosi: Uru, Shimbwe Juu

Daladala za Uru zinajaa ndo zinaondoka, ukipanda saa moja asubuhi utatoka saa mbili. Nilikaa katikati ya mama mwenye kuku watatu na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anasoma mtihani. Barabara inapanda migombani, baridi inaanza, hewa inabadilika, kila nyumba imejificha ndani ya kihamba chake, migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa, na juu ya vyote miti mikubwa ya kivuli. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na mifereji ni sehemu ya huo mfumo. Wachagga wanaita mfongo, ikiwa mingi mifongo.

Kijana wa pale alinitembeza kwa elfu 15 kwa siku nzima, na kwa kweli aliyetutembeza wote wawili ni babu yake mdogo, mzee wa themanini na kitu, fimbo mkononi, anapanda mteremko mimi nahema nyuma. Tuliufuata mfongo mmoja kurudi nyuma hadi mdomoni kwake, kwenye korongo la mto. Mfereji wenyewe ni mwembamba, naweza kuuruka, kina chake magotini. Unashangaza unavyotembea tu. Korongo liko chini kabisa upande wa kushoto, mto unasikika unanguruma huko, na huu mfereji umening'inia ubavuni mwa kilima, unazunguka kila tumbo la mlima bila haraka, maji yanakwenda mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Ukiangalia kwa haraka unaweza kuapa kwamba yanapanda.

Walijuaje mteremko bila kipimo? Mzee anasema maji ndo yalikuwa kipimo. Ulikuwa unaanzia mtoni, unachimba kipande, unaruhusu maji yakufuate, yakisimama umekosea, yakikimbia sana yatakula kingo, basi unarekebisha ndo unaendelea. Penye jiwe kubwa waliwasha moto juu yake kisha wakalimwagia maji ya baridi lipasuke. Penye bonde dogo walilaza gogo lililochimbwa katikati likawa daraja la maji. Aliyeanzisha mfereji ukoo wake ndo ulikuwa na neno la kwanza kwenye zamu, na kulikuwa na mzee wa mfongo aliyegawa masaa, akiitisha kazi watu wanatoka. Mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, ilikuwepo kabla na baada. Mbuzi pia, kwa ajili ya wazee waliolala.

Wanawake hawakuruhusiwa kukanyaga huko mdomoni. Nikamuuliza mzee sababu, akasema mila. Mjukuu wake akasema siku hizi mama zetu wako kwenye kamati na ndo wanaokusanya michango. Mzee akakaa kimya akaangalia migomba.

Mambo haya yana umri. Harry Johnston, Mwingereza aliyekuja 1884 akakaa Moshi kwa Mangi Rindi, mtawala wa Wachagga wa pale, aliyaona na akaandika kuhusu hiyo mifereji kwa mshangao. Wakati huo kahawa haijatamba mlimani. Walichokuwa wanamwagilia ni migomba na ulezi, na ulezi ndo mbege, kwa hiyo ukisema mifereji hii ilichimbwa nusu kwa ajili ya chakula na nusu kwa ajili ya pombe hujakosea sana. Baadaye kahawa ikaingia, ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, ukaanza miaka ya 1930, na mfongo ukapata kazi nyingine, maji ya kuoshea kahawa baada ya kumenywa. Juu ya hapo maji ya kunywa, ya kupikia, ya ng'ombe wa zizini, ya kufyatulia tofali. Mfereji mmoja, kazi zote hizo.

Tulipita pia mifongo iliyokufa. Unaona alama yake tu, mfuo uliojaa majani ya mparachichi, mahali pengine mtu kashapanda magimbi ndani yake au kajengea ukuta. Sababu alizotaja mzee: mabomba yalipofika watu wakaona mfereji ni wa nini, vijana wamehamia mjini hakuna wa kuzibua, vihamba vimegawanywa mpaka mtu amebaki na kipande cha kupaki gari, na mto wenyewe umepungua. Kinachonikera mimi ni hoja kwamba mfereji wa udongo unapoteza maji. Ni kweli unavuja. Lakini angalia unapovujia, ile migomba na miti yote kandokando ya mfongo inakunywa hayo yanayovuja, mfereji uliokufa kingo zake ni kavu na miti yake imekonda. Ukipiga zege utaokoa maji, sawa, alafu ukamwagilie miti kwa kopo.

Kwa wanaokwenda: viatu vyenye meno, utelezi ni wa kufa mtu hata kiangazi. Maporomoko ya Materuni yako upande huohuo wa Uru, wengi wanaishia hapo na kahawa, ila ukimwomba mwenyeji wako akupeleke banioni mwa mfongo atafurahi kuliko wewe, hakuna anayewaombaga. Usioshe mikono wala viatu ndani ya mfereji, kuna watu wanakunywa huko chini.

Mbege nilionja. Moja tu. Sawa, mbili.

Jumapili na Jumatatu: Moshi – Arusha – Mto wa Mbu

Jumapili nilipumzika, miguu ilikuwa imegoma. Jumatatu Arusha, kubadili gari, Makuyuni, Mto wa Mbu, nauli zote hazikuzidi elfu 12.

Mto wa Mbu watalii wanapapita kama njia ya kwenda Manyara na Ngorongoro, wananunua ndizi nyekundu wanaondoka. Nyuma ya barabara kuna mji mzima ambao uko pale kwa sababu ya mifereji. Zamani lilikuwa eneo la malisho na mbu wake, watu wakaanza kujaa miaka ya 50 na kuendelea baada ya maji ya mito inayoshuka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa kusambazwa kwa mifereji mashambani. Wamekuja kutoka kila kona, wenyewe wanajisifu kwamba makabila yote ya Tanzania yanapatikana hapo na mimi kwa nilivyosikia lafudhi sokoni nakaribia kuamini. Nilikula wali wa mpunga wa hapohapo kwa mama lishe mmoja wa Kigoma ambaye jirani yake kulia ni Mwiraqw na kushoto Mchagga. Hapo ni hotel ya mabati, elfu tatu sahani imejaa.

Jumanne: Engaruka

Gari la kwenda Engaruka ni Land Cruiser ya zamani, ukisikia limejaa maana yake kuna watu juu ya mizigo. Elfu 10. Barabara ya vumbi inafuata chini ya ukuta wa bonde, kushoto mlima umesimama wima, kulia nyika mpaka macho yanachoka, ng'ombe, punda, mara chache twiga. Selela tulisimama dakika ishirini kushusha saruji. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekaa karibu nami aliona nimejifunga leso puani kwa vumbi akanifungulia shuka lake akanifunika kichwa kizima bila kuniuliza, nikasafiri hivyo kama maiti, na nikafika nikiwa na afadhali kuliko wengine.

Shukia Engaruka Juu, siyo Chini. Magofu ya wakulima wa kale niliyoyafuata yako Juu, chini kabisa ya ukuta wa bonde. Mwongozaji wa kijiji nililipa elfu 20, na kiingilio kwa Mtanzania ni hela ndogo ila dai risiti. Nenda asubuhi, saa sita mawe yanachoma.

Usitegemee majumba. Ukifika unaona mawe tu na utajiuliza umefuata nini. Mpe mwongozaji nusu saa. Anakuonyesha mstari wa mawe hapa, mwingine kule sambamba nao, anakwambia simama katikati, na ghafla unagundua umesimama ndani ya mfereji. Ukishauona mmoja unaanza kuiona yote, inatoka mtoni inagawanyika, inagawanyika tena, kila tawi linaingia kwenye vishamba vilivyozungushiwa mawe, na vishamba hivyo vinaendelea mpaka unashindwa kuona mwisho. Eneo lote linafika kama hekta 2,000. Hakuna saruji, hakuna hata tope la kushikiza, ni mawe yamepangwa. Kwenye mteremko juu yake kuna vijiji saba vilivyojengwa kwa ngazi ngazi, kila nyumba na kiwanja chake kilichosawazishwa. Walilima zaidi mtama, mbegu zake zilizoungua zimepatikana kwenye uchimbaji wa mambo ya kale. Waliishi hapa kuanzia kama karne ya 15 hivi mpaka ya 18, wakaondoka.

Kitu kilichonifanya nikae chini ni hiki. Kuna mahali maji ya mvua yamekata kakorongo, udongo unaonekana kwa upande kama mkate uliokatwa. Mwongozaji akaniambia shika. Nikapitisha vidole, tabaka la mchanga laini, tabaka la udongo mweusi, mchanga tena, udongo tena. Wachimbaji wa mambo ya kale wamegundua kwamba sehemu ya mashamba haya haikuwa na udongo mzuri tangu mwanzo. Watu walijenga vikuta vya mawe, wakaelekeza maji ya mafuriko yenye tope yaingie, tope likatuama nyuma ya ukuta, wakaongeza jiwe, msimu mwingine tena, mpaka shamba likapanda. Yaani mfereji haukuleta maji tu, ulileta shamba lenyewe.

Wazungu waliopita ni wengi, Fischer 1883, Hans Reck 1913, Louis Leakey 1935, huyu alikisia walikuwepo watu zaidi ya 30,000, waliokuja baadaye wakasema idadi hiyo ni kubwa mno, wakaishusha kwa mbali. Waliondoka kwa nini? Wapo wanaosema mito ilipungua, na kweli mingi iliyolisha ile mifereji leo ni mikavu, unaobeba maji mwaka mzima ni mto Engaruka. Wapo wanaosema ardhi ilichoka, wapo wanaotaja kuja kwa Wamaasai na mifugo yao. Watafiti hawajakubaliana mpaka leo. Wasonjo kule ng'ambo upande wa Loliondo, ambao bado wana mifereji yao ya asili, na Wairaqw pia, wote wanatajwa kuwa huenda ni wajukuu wa watu wa hapa.

Mwongozaji wangu ni Mmaasai, nikamtania kwamba babu zako ndo waliowafukuza. Akacheka akasema "na mimi sasa nalima maharage."

Na ni kweli analima. Mita mia chache kutoka kwenye magofu kuna banio jipya kwenye mto uleule, mfereji uleule kwa maana ya kazi, unaingia kwenye mahindi, maharage na migomba ya watu wa leo. Tulikuta vijana wawili wanabishana pale kwenye mchepuko, nikamwomba anitafsirie. Mmoja anasema zamu yake imeliwa nusu saa na wa juu, mwingine anasema nusu saa hiyo mfereji ulikuwa umeziba hivyo haihesabiki. Wakampigia simu mwenyekiti wa kamati. Mtandao ukakataa. Ikabidi mmoja apande kwenye kichuguu kutafuta network, akarudi na hukumu: dakika kumi na tano kwa kila mmoja na wote wawili kesho wakazibue.

Chai ya maziwa nikanywea kwenye boma la shangazi yake mwongozaji, vikombe vitatu, na nilipouliza nadaiwa ngapi nikaulizwa kwetu chai inauzwa nyumbani? Nikakumbuka sukari ya Bangalala, nikaenda dukani.

Kurudi, na mambo ya kujua

Gari la kutoka Engaruka linaondoka alfajiri sana, saa kumi na moja wengine saa kumi, na halisubiri. Mwambie dereva jioni kabla, mwonyeshe unapolala, akupigie honi. Siti ya mbele ni ya wazee na wagonjwa, usiikalie hata kama iko wazi. M-Pesa inakubali na kukataa, tembea na keshi ya kutosha kuanzia Mto wa Mbu. Leso ya vumbi moja haitoshi. Ukitaka kuendelea mbele kwenda Ngare Sero na Ziwa Natron kuna mageti ya ushuru njiani, ulizia kwanza Mto wa Mbu. Mimi nilitamani kuendelea mpaka Usonjoni nikaone mifereji yao, likizo ikawa imeisha, nikageuza na gunia la maharage ya yule mwongozaji chini ya miguu yangu, kanipa nimfikishie dada yake Arusha stendi. Alikuwepo, kashika namba ya gari kwenye karatasi.